Mikarafuu Iliangukia Unguja, Gharama Ikalipwa Pemba

Jumatatu ya tarehe 15 Aprili 1872, mwanzoni mwa Mfungo Tano wa mwaka 1289 wa Hijra, kimbunga kiliipiga Unguja. Kilipotulia, meli za Sultani wa Zanzibar, Sayyid Barghash bin Said, zilikuwa zimezama au zimetupwa ufukweni, majahazi yamevunjwa bandarini, na huko mashambani minazi na mikarafuu imelala chini safu kwa safu. Makadirio yaliyoenea tangu wakati huo ni kwamba theluthi mbili ya miti hiyo ya biashara iling'oka au ilikatika. Pemba, iliyotengwa na Unguja kwa mkondo wa bahari wenye upana wa kama kilomita 50, iliponea chupuchupu, na mikarafuu yake ikabaki imesimama. Habari hii husimuliwa kwa ufupi katika vitabu vya historia ya Zanzibar, kwa kawaida katika aya moja: tufani ilikuja, karafuu za Unguja zikaisha, Pemba ikachukua nafasi yake. Usimulizi huo si wa uongo, lakini unaufanya upepo kuwa mtendaji pekee. Hoja ya makala haya ni kwamba upepo ulifanya kazi ya siku moja tu. Hasara yenyewe ilikuwa imeandaliwa miaka 40 kabla kwa namna kisiwa kilivyopandwa, na baada ya upepo kupita ikahamishwa, hatua kwa hatua, kutoka kwa waliopoteza miti kwenda kwa watu ambao hawakuwa na mti hata mmoja.

Kwanza tuone kwa nini Unguja ilikutwa haijajiandaa. Msokoto wa kimbunga hutokana na kuzunguka kwa dunia, na nguvu hiyo ya kusokota hupungua kadiri mtu anavyoisogelea ikweta. Ndani ya digrii 5 za mwanzo karibu haipo kabisa. Unguja iko kwenye digrii ya 6 kusini, pembezoni kabisa mwa eneo ambalo kimbunga kinaweza kuishi. Vimbunga vingi vya kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi huishia Mauritius, Réunion, Madagaska na Msumbiji. Kile kimoja kinachopotea njia na kufika kwenye latitudo zetu mara nyingi huwa chembamba, kikali katikati na dhaifu kingoni, ndiyo maana kiliweza kukivunja kisiwa kimoja na kukiacha jirani yake. Wakulima wa Mauritius waliishi wakijua adui yao, na si ajabu kwamba walishikamana na miwa, mmea ambao ukilazwa na upepo huweza kuchipua tena na kuvunwa msimu unaofuata. Mabaharia na wakulima wa Unguja nao walikuwa na kalenda yao iliyojaa: kaskazi, kusi, matlai, tanga mbili, masika, vuli. Ndani ya kalenda hiyo kimbunga hakikuwa na mwezi wake. Katikati ya Aprili kaskazi imekwisha, kusi inaanza kukaza, na bandari ya Unguja wakati ule ilijaa vyombo vya Arabuni na Bara Hindi vinavyongoja upepo wa kuvirudisha kwao. Kama tufani hiyo ingekuja miezi miwili baadaye, majahazi mengi yangekuwa yamekwishaondoka.

Wala haikuishia visiwani. Henry Morton Stanley, aliyekuwa akirudi pwani baada ya kuonana na David Livingstone, alipita katika bonde la Makata na Morogoro ya leo wiki chache tu baada ya siku hiyo. Simbamwenni, mji wenye ngome ambao alikuwa ameusifu wakati wa kwenda, aliukuta umepoteza ukuta wake mzima wa mbele pamoja na nyumba zipatazo 50, vyote vimezolewa na mafuriko ya mto Ngerengere. Vijiji vya Waluguru kwenye miteremko ya milima vilikuwa vimeathirika vibaya. Kadiri alivyosogea pwani alizidi kusikia kwamba kimbunga kimevunja kila nyumba na kila meli Unguja, uvumi uliozidisha chumvi lakini haukutoka hewani. Bagamoyo nako, misheni ya mapadri wa Roho Mtakatifu iliyoanzishwa mwaka 1868 ilikuwa imeharibiwa. Ushahidi huu wa bara ni muhimu kwa sababu unaonyesha jambo moja kuhusu kumbukumbu. Mafuriko ya Morogoro yaliwaua watu, yakasomba vijiji na mashamba ya chakula, na karibu yamesahaulika. Mikarafuu ya Unguja imekumbukwa kwa sababu ilikuwa na bei katika soko la London na Bombay. Tangu siku ya kwanza, hesabu ya hasara iliandikwa na watu waliokuwa wakitazama bidhaa.

Bidhaa hiyo haikuwa ya kale. Mkarafuu uliletwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19 kutoka visiwa vya Wafaransa vya Bahari ya Hindi, ambako nao ulikuwa umeletwa kutoka Maluku. Seyyid Said bin Sultan, baba yake Barghash na mtawala wa Zanzibar wakati huo, ndiye aliyeufanya kuwa zao la dola. Yeye mwenyewe alikusanya mashamba yapatayo 45, na inasimuliwa kwamba aliwaamuru wenye ardhi wapande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja, la sivyo wanyang'anywe. Upande wa magharibi na katikati ya Unguja, penye udongo wa kina, mashamba makubwa yalienea, na Wahadimu waliokuwa wakilima huko wakajikuta wamesukumwa mashariki na kusini, kwenye ardhi ya mawe ambako jembe haliendi mbali. Kwa hiyo kufikia mwaka 1872 utajiri wa kisiwa ulikuwa umejazana katika eneo dogo, katika miti ya aina mbili, yenye umri unaokaribiana. Na mkarafuu si mti wa dhoruba. Mchumaji yeyote anajua kwamba matawi yake ni mepesi kukatika. Ndiyo sababu hukwewa kwa uangalifu na karafuu za nchani huvutwa kwa mti wenye ndoano badala ya mtu kujinyoosha huko. Mizizi yake haijikiti sana chini. Mnazi mara nyingi hupinda na kuinuka, mwembe mkubwa huacha matawi na kubaki shina, lakini shamba la mikarafuu likipigwa na upepo wa kimbunga linabaki kuni.

Kinachosahaulika zaidi ni kwamba karafuu ilikuwa imekwisha kuanza kuwachosha wenyewe kabla ya upepo. Kwa kuwa kila mwenye nafasi alipanda, soko lilijaa, na tangu miaka ya 1840 bei ya frasila ilishuka na kuendelea kushuka. Profesa Abdul Sheriff, katika kitabu chake cha mwaka 1987 kuhusu watumwa, viungo na pembe za ndovu, ameeleza kwa kirefu jinsi uzalishaji huo uliopita kiasi ulivyowaingiza wenye mashamba katika madeni. Mikopo ilitoka kwa wafanyabiashara wa Kihindi, na mashamba yakawekwa rehani. Hapa palikuwa na fundo la ajabu la kisheria. Mwaka 1860 balozi mdogo wa Uingereza, Christopher Rigby, alikuwa amewalazimisha Wahindi waliohesabiwa raia wa Uingereza kuwaacha huru watumwa wao. Mkopeshaji aliyekuwa na haki ya kulichukua shamba hakuweza basi kuwamiliki watu waliolifanyia kazi, na shamba bila watu hao lilikuwa pori lenye miti. Wengi waliona heri wamwache Mwarabu katika shamba lake, waendelee kumdai. Mfumo mzima ulisimama juu ya mdaiwa ambaye hakulipa, mkopeshaji ambaye hakulitwaa shamba, na mtumwa ambaye alichuma.

Hapo ndipo kimbunga kilipoingia. Kwa mwenye shamba wa Unguja ilikuwa balaa, hakuna ubishi. Mkarafuu uliopandwa upya huchukua miaka kati ya 6 na 8 kabla ya kutoa karafuu za kuuza, na miaka mingi zaidi kufikia nguvu zake kamili. Aliyepanda baada ya masika ya mwaka 1872 hakutarajia kuanika mavuno ya maana kabla ya miaka ya 1880 kuanza. Wengine walirudishia minazi badala ya mikarafuu, wengine waliuza. Lakini kwa soko, upepo ulifanya katika siku moja kile ambacho hakuna mwenye shamba aliyekubali kukifanya kwa hiari: ulipunguza karafuu. Bei iliyokuwa imelala kwa miongo miwili ikaruka. Na wengi wa waliokuwa na mikarafuu mikubwa, inayozaa, iliyosimama, walikuwa Pemba. Kisiwa kilichokuwa kikiangaliwa kama shamba la nyuma, la mchele, ng'ombe na karafuu za ziada, kikawa ndicho chenye bidhaa adimu. Watu wa Pemba, wakiwamo Wapemba wa kawaida wenye miti michache mbali na Waarabu wenye mashamba, walianza kufyeka na kupanda kwa kasi. Frederick Cooper, aliyechunguza utumwa wa mashambani katika pwani hii, ameonyesha kwamba upanuzi mkubwa wa Pemba ni wa miaka iliyofuata kimbunga. Tangu hapo Pemba imetoa sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar, kwa kawaida zaidi ya robo tatu.

Kufyeka na kupanda kulihitaji mikono. Mikono hiyo ilikuwa ya watu waliotekwa bara, wengi kutoka upande wa Ziwa Nyasa, wakashushwa Kilwa na kuuzwa. Kwa hiyo katika miezi ile ile ambayo bei ya karafuu ilikuwa ikipanda, mahitaji ya watumwa Pemba nayo yalipanda, na ni katika miezi hiyo hiyo Uingereza ilimtuma Sir Bartle Frere kuja kuufunga mlango. Frere alifika Unguja Januari 1873. Sayyid Barghash alikataa mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa, na hoja yake kubwa ilikuwa kimbunga: watu wake wamefilisika, miti yao iko chini, na kuwanyima watumwa wakati huo ni kuwamalizia mbali. Waandishi wa Kiingereza wa enzi ile waliichukulia hoja hii kama kisingizio cha mtu aliyezoea kuuza watu. Nadhani ilikuwa kisingizio na pia ilikuwa kweli, na ukweli wake ndio unaoishtaki. Barghash alikuwa akisema waziwazi kwamba hasara ya upepo itafidiwa kwa watu, na kwamba njia nyingine ya kuifidia haikuwa imefikiriwa na yeyote katika baraza lake. Baada ya John Kirk, mwakilishi wa Uingereza Unguja, kumtishia kwamba kisiwa kitazingirwa na manowari, alitia saini tarehe 5 Juni 1873. Soko la watumwa la Mkunazini likafungwa, na usafirishaji wa watumwa kwa bahari ukapigwa marufuku. Kuwamiliki watumwa waliokwisha kuwapo, hata hivyo, kuliendelea kuwa halali.

Mkataba ulikataza bahari, haukutaja barabara. Wafanyabiashara wa Kilwa hawakuchukua muda kuisoma nafasi hiyo. Misafara iliyokuwa ikipakiwa majahazini ikaelekezwa kwa miguu kaskazini, nyuma ya pwani, kupita pembeni mwa Dar es Salaam na Bagamoyo hadi Pangani na vijiji vya Mrima vinavyotazamana na Pemba. Kutoka hapo safari ya bahari ni ya usiku mmoja. Frederic Elton, ofisa wa ubalozi wa Uingereza aliyesafiri njia hiyo mwishoni mwa mwaka 1873 na mwanzoni mwa mwaka 1874, aliwahesabu watumwa zaidi ya 4,000 waliopita katika muda wa mwezi mmoja. Mtu aliyetoka Nyasa alikuwa amekwisha kutembea majuma mengi kufika Kilwa. Sasa aliongezewa mamia ya kilomita, juani na njaani, ili mkarafuu wa Pemba upaliliwe. Mwaka 1876 Barghash, akisukumwa tena na Kirk, alitangaza marufuku ya misafara ya nchi kavu, na bado biashara iliendelea kwa magendo. Manowari kongwe ya HMS London iliwekwa bandarini Unguja kuanzia mwaka 1874, mashua zake zikizunguka ghuba na mikoko ya Pemba kwa miaka kumi, na Desemba 1881 nahodha wake, Charles Brownrigg, aliuawa karibu na Pemba alipojaribu kukikagua chombo kilichobeba watumwa. Hakuna anayepigania kitu kiasi hicho kisipokuwa na faida, na faida ilitoka katika bei iliyopandishwa na kimbunga.

Wako watakaosema kwamba nakibebesha kimbunga mzigo usio wake, kwamba Pemba ingeishinda Unguja vyovyote vile. Hoja hiyo ina uzito. Pemba hupata mvua nyingi zaidi, vilima vyake vina udongo wa kina, na mkarafuu unaipenda nchi hiyo kuliko Unguja. Mkulima mwenye akili angeligundua hilo bila msaada wa tufani. Ila swali ni kwa nini hawakuligundua katika miaka 40 iliyotangulia. Ardhi nzuri ya Pemba ilikuwapo wakati wote wa Seyyid Said, na mikarafuu ilikuwa imepandwa huko, lakini mtaji, kasri, bandari na ofisi za mikopo vilikuwa Unguja, na karafuu iliyoshuka bei haikumshawishi mtu kufyeka msitu mpya ng'ambo ya maji. Udongo unaeleza kwa nini Pemba iliendelea kuongoza hata baada ya mikarafuu mipya ya Unguja kuanza kuzaa. Kwa nini mabadiliko yalikuja miaka ya 1870, kwa haraka ile, na kwa watumwa wapya badala ya mwendo wa taratibu wa familia zinazopanda miti yao wenyewe, udongo hauelezi. Haraka hiyo ililetwa na bei, na bei ililetwa na upepo uliolikuta soko likitegemea kisiwa kimoja.

Kuhusu mkataba, ni kweli vilevile kwamba Waingereza walikuwa njiani. Walikuwa wamekwisha kumbana Seyyid Said kwa mikataba ya mwaka 1822 na 1845, na kamati ya Bunge lao ilikuwa imelishughulikia suala la utumwa wa Afrika Mashariki mwaka 1871, kabla ya tone moja la mvua ya tufani kuanguka. Frere angekuja. Lakini angemkuta Barghash mwingine. Sultani aliyekutwa Januari 1873 alikuwa hana meli za kivita za kutaja, amezungukwa na matajiri waliofilisika, na anadaiwa ruzuku ya riale 40,000 kwa mwaka ambayo, kwa uamuzi wa mwaka 1861 wa Lord Canning, mtawala wa Bara Hindi kwa niaba ya Uingereza, Zanzibar ilipaswa kuilipa Maskati. Mtu wa namna hiyo akiambiwa manowari zitafunga bandari yake hana cha kujibu. (Meli aliyoijenga baadaye huko Uskoti kufidia zile zilizozama, Glasgow, iliyoshushwa majini mwaka 1878, ilikuja kuzamishwa na mizinga ya Waingereza hao hao tarehe 27 Agosti 1896, katika vita vilivyokwisha kwa chini ya saa moja. Inaelekea bahari na Waingereza waligawana kazi.) Kimbunga hakikuzaa mkataba. Kilimdhoofisha mmoja wa wahusika wakati hasa wa kujadiliana, na kikaongeza thamani ya kile ambacho mkataba ulikusudia kukizuia. Mambo hayo mawili yakikutana, magendo ni lazima.

Huenda pia mtu akauliza: na wenye mashamba wa Unguja je, hawakuumia? Waliumia. Wako walioanguka wasiinuke, mashamba yakabadilisha mikono, na kizazi kizima cha waliojiita matajiri kiliishi kwa kukopa. Ila tukiitazama dola na tabaka lake la juu kwa jumla, picha ya kisiwa kilichovunjwa na tufani haikubaliani na miaka iliyofuata. Mfereji wa Suez ulikuwa umefunguliwa mwaka 1869, na tangu mwishoni mwa mwaka 1872 meli za posta za kampuni ya British India zilianza kufika Unguja kila mwezi. Pembe za ndovu na mpira viliongezeka, na ushuru wa forodha ukapanda pamoja navyo. Barghash aliyelia ufukara mbele ya Frere ndiye aliyejenga kasri la Maruhubi, ndiye aliyeleta maji ya mfereji mjini kutoka Bububu, na ndiye aliyesimamisha Beit al-Ajaib mwaka 1883, jengo lenye baraza za nguzo za chuma ambalo kwa muda mrefu limekuwa sura ya mji. Hasara ya karafuu ilikuwa kubwa, lakini waliokuwa na mlango mwingine waliutumia. Walioshindwa kuutumia ni wale ambao miili yao ndiyo ilikuwa mtaji wa wengine.

Sina budi kugusa pia fikra kwamba kimbunga cha mwaka 1872 kilikuwa ajali ya mara moja, isiyofaa kujengewa hoja. Ni ya nadra, si ya mara moja. Aprili 1952 kimbunga kilipiga Lindi, wakati ujenzi wa bandari ya Mtwara ukiendelea huko kusini. Aprili 2019 Kenneth kilitua Cabo Delgado, kusini mwa mto Ruvuma, baada ya wakazi wa Mtwara kutakiwa kuhamia sehemu salama. Mwezi uliotangulia, Idai ilikuwa imeizamisha Beira. Jobo, mwaka 2021, ilidhoofika kabla ya kufika pwani yetu. Hidaya haikudhoofika vya kutosha: tarehe 4 Mei 2024 ilitua Mafia, na mafuriko yaliyofuata yalikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi katika eneo la Kilwa, abiria wakakwama. Serikali huhesabu nyumba, madaraja na kilomita za lami, na ni haki ihesabu. Lakini mwaka 1872 unatufundisha wapi pa kuangalia baada ya hesabu hiyo: nani aliuza shamba la minazi kwa bei ya kutupa ili alipe deni, bidhaa gani ilipanda bei kwa sababu jirani ameipoteza, na ni vibarua gani waliokwenda kuizalisha kwingine na kwa masharti yapi. Hasara ya namna hii haionekani kwenye picha zinazopigwa na ndege wiki ya kwanza. Huonekana baada ya miaka mitatu au minne, na wakati huo wahesabuji wamekwisha kuondoka.

Wahesabuji wa mwaka 1872 nao waliacha nyaraka zinazojieleza. Taarifa za kibalozi zinazungumzia meli, mikarafuu, minazi na thamani yake kwa riale. Vibanda vya makuti vya watumwa mashambani, ambavyo hakuna sababu ya kufikiri vilistahimili upepo uliozitupa meli pwani, havikuwa na safu yake katika hesabu. Kosa hilo halikuwa la mwandishi mmoja. Mtumwa aliyekufa chini ya mti aliingizwa katika hasara ya bwana wake, na mtumwa aliyenunuliwa kuziba nafasi yake aliingizwa katika gharama ya kulifufua shamba. Kwa hesabu za namna hiyo Unguja ilionekana kuwa ndiyo iliyopoteza na Pemba kuwa ndiyo iliyofaidika, kana kwamba visiwa hupoteza na kufaidika. Waliofaidika Pemba walikuwa wenye miti. Walioyapalilia mashamba hayo kwa nguvu zao walikuwa ni watu ambao kabla ya tarehe 15 Aprili 1872 wengi wao walikuwa bado kwao, wakilima mtama na mahindi kandokando ya Nyasa, mbali kabisa na njia ya kimbunga chochote.

Utumwa Zanzibar ulifutwa kisheria na Sultani Hamoud bin Mohammed tarehe 6 Aprili 1897, miaka 25 kasoro siku chache tangu kimbunga. Amri hiyo haikumwachia mtu yeyote uhuru wake siku hiyo; mtumwa alitakiwa aende mahakamani akauombe, na akiupata aonyeshe mahali pa kuishi na njia ya kujikimu. Masuria hawakuhusishwa hadi mwaka 1909. Mwenye shamba aliyethibitisha kwamba alimmiliki mtu kihalali alilipwa fidia ya fedha kutoka hazina ya serikali. Aliyekuwa amemilikiwa hakulipwa chochote.